Torvastad iliyofutwa na Utsira iliyobaki: komune ndogo ijiunge au isimame peke yake?

Ukiwa umeandikishwa kuwa mkazi wa Norwei kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya siku ya uchaguzi, una kura katika uchaguzi wa komune, yaani serikali ya mitaa, hata kama pasipoti yako ni ya Kongo, Burundi, Tanzania au Kenya. Ndugu zetu wengi waliofika huko kama wakimbizi wamepangiwa makazi katika komune ndogo ndogo, kando ya milima na mikono ya bahari, mahali ambapo duka ni moja na shule ni moja. Na huko ndiko swali hili halizeeki: tujiunge na jirani mkubwa, au tubaki kama tulivyo? Swali likipamba moto wakazi huulizwa maoni yao. Wengi wetu hujibu kwa kusikiliza jirani anasemaje, kwa kuwa hatujui yaliyotangulia.

Kwa hiyo nakuwekea komune mbili mezani, mama na binti yake. Mama ni Torvastad, iliyoanza 1838 na kufutwa 1 Januari 1965. Binti ni Utsira, iliyojitenga na mama yake 1924 na ipo mpaka leo ikiwa na watu takriban 200, ndogo kuliko komune zote za Norwei kwa idadi ya watu. Zote ni za mkoa wa Rogaland, kusini magharibi mwa nchi. Mmoja aliunganishwa na wenzake, mwingine akakaa peke yake baharini, na kila mmoja ana la kutufundisha.

Kauli yangu naitoa mapema ili uipime unavyosoma. Kabla hujauliza komune ina watu wangapi, uliza kati yenu na makao makuu mapya kuna barabara au kuna bahari. Kwenye barabara, kuungana huumiza kidogo na huleta mengi. Kwenye bahari, shikilia halmashauri yako kwa mikono miwili.

Kuhusu neno lenyewe: nasema komune kama wanavyosema Waswahili wanaoishi huko, na kama Warundi na Wakongo walivyolizoea tangu nyumbani. Manispaa lingefaa, ila masikioni mwa Mtanzania manispaa ni mji, na ninaowazungumzia hapa ni wakulima na wavuvi.

Wakulima walivyoshika usukani

Norwei ilipata katiba 1814, lakini vijijini mambo yaliendelea kuamuliwa na maofisa wa dola: mkuu wa mkoa, mtoza kodi, hakimu, kasisi. Mambo yalianza kugeuka katika uchaguzi wa bunge wa 1833, wakulima walipoingia kwa wingi. Mmoja wao alikuwa Ole Gabriel Ueland, mwalimu wa kijijini na mkulima kutoka Rogaland hiyohiyo, aliyekuja kuwa sauti kubwa ya wakulima bungeni kwa miaka mingi. Tarehe 14 Januari 1837 zikapitishwa sheria za kujitawala kwa wenyeji, moja ya miji na moja ya vijiji, na mwaka uliofuata zikaanza kazi. Hawakuchora ramani mpya. Walichukua mipaka ya parokia, wakaipa kila parokia halmashauri yake. Torvastad ilianza hivyo, kwa mipaka ya kanisa.

Hiyo komune ya kijijini Wanorwei waliiita herred. Mpango wake ulikuwa mwepesi kuuelewa. Wapiga kura walichagua wajumbe wa kamati kuu, kati ya 3 na 9 kulingana na ukubwa wa mahali, kisha wawakilishi mara tatu ya idadi hiyo. Ukiwa na wajumbe 3 unaongeza wawakilishi 9, jumla 12. Ishike hesabu hiyo, tutakutana nayo tena. Kutoka miongoni mwao alichaguliwa meya, ambaye kwao huitwa ordfører, yaani mwongoza mazungumzo. Alichaguliwa kwa mwaka mmoja mmoja, na kazi ilikuwa ya wajibu: aliyechaguliwa hakuweza kuikataa hivi hivi kwa kuwa ana ng'ombe wa kukamua.

Mameya wa vijijini walikutana ngazi ya mkoa kupanga barabara na matumizi ya pamoja. Miji haikuwa na kiti huko. Iliingia katika baraza la mkoa 1964 tu. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 120 meya wa kijiji kidogo alikaa meza moja na mameya wa vijiji vikubwa, kiti kimoja kimoja. Nitarudi kwenye kiti hicho, maana ndicho kitu ambacho komune inayofutwa huwa ya kwanza kukipoteza.

Tusiwapambe kupita kiasi. Mwanzoni mwenye kura alikuwa mwanamume wa miaka 25 na zaidi, ama ofisa, ama mwenye shamba lililoandikishwa, kwa kulimiliki au kulikodi kwa muda mrefu. Kibarua na mtumishi hawakuwamo, wala mwanamke yeyote. Mwaka 1901 wanaume wote walipata kura ya komune, pamoja na wanawake waliofikia kiwango cha kipato. Wanawake wote wakaipata 1910, miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa wote kulichagua bunge. Komune ndiyo iliyokuwa mlango wa kwanza.

Kazi zao zilikuwa nini? Maskini, shule na barabara. Maskini walitangulia, na hapo kasisi alikuwa na sauti kubwa, akikaa katika tume ya maskini na tume ya shule. Zamani maskini wengi waligawiwa mashamba wazunguke, siku kadhaa kwa huyu na siku kadhaa kwa yule, mpaka sheria ya 1900 ilipoukomesha mtindo huo. Halmashauri ndiyo iliyoamua nani asaidiwe, na wajumbe walimjua muombaji kwa jina, kwa ukoo na kwa deni. Hilo ni zuri na ni baya. Mtu anayekujua sana anaweza kukuhurumia haraka, na anaweza kukuhukumu haraka vilevile. Komune ndogo ina pande hizo mbili hadi leo.

Torvastad, mama aliyegawa mpaka akaisha

Torvastad iko kaskazini mwa kisiwa cha Karmøy, lakini eneo la komune ya mwanzo lilivuka mlango wa bahari mpaka bara, na likaenda mbali baharini mpaka Utsira. Mahali kama hapo, mtu wa bara na mtu wa kisiwa cha mbali walikuwa na halmashauri moja na kasisi mmoja, na katikati yao maji.

Kisha wakaja samaki. Miaka ya 1800 samaki wa heringi walifurika pwani hiyo majira ya kuchipua, na bandari ndogo iliyokuwa ndani ya Torvastad ikavimba kwa maghala, mapipa na wafanyabiashara. Mwaka 1854 bandari hiyo, Haugesund, ikapewa hadhi ya mji, na mwaka uliofuata ikatoka katika himaya ya mama. Fikiria mkulima wa Torvastad siku hiyo. Sehemu yenye fedha imeondoka, na barabara za udongo, maskini na shule za vijiji zimebaki mikononi mwake. Mwaka 1881 eneo la bara lililouzunguka mji likajitenga pia na kuitwa Skåre. Mwaka 1924 ikawa zamu ya Utsira. Ilipofika hapo, Torvastad ilikuwa kipande tu cha ilivyokuwa 1838.

Watu wengi wanadhani kufutwa kwa komune ni tukio la siku moja, na siku hiyo lawama zote hubebeshwa wizara. Torvastad inaonyesha vingine. Ilipunguka kidogo kidogo kwa miaka 70, kila mara kwa sababu iliyokuwa na maana kwa waliokuwa wakiondoka. Skåre nayo haikuishi milele: 1958 iliunganishwa na Haugesund, mji ambao miaka mia moja nyuma ulikuwa ndugu yake ndani ya nyumba moja.

Utsira na mkunga wake

Utsira iko baharini kama kilomita 18 magharibi, kisiwa cha kilomita za mraba 6 hivi. Kina bandari mbili, moja inatazama kaskazini na nyingine kusini, na upepo ndio unaoamua ipi itumike. Kina mnara wa taa uliowashwa 1844. Ilipojitenga 1924 ilikuwa na wakazi mia nne na kitu. Sababu ya kujitenga haihitaji msomi kuieleza: diwani wa Utsira aliyetaka kuhudhuria kikao alilazimika kuvuka bahari ya wazi, na bahari ile wakati wa baridi haitoi ahadi. Kikao kinaweza kufanyika bila yeye, na maamuzi yakapita.

Mwaka uliofuata, 1925, kisiwa hiki kikafanya jambo ambalo Norwei haijalisahau. Kati ya viti 12 vya halmashauri, wanawake walishinda 11. Hiyo ndiyo hesabu ya 3 na 9 niliyokuomba uishike. Meya akawa Aasa Helgesen, mkunga wa kisiwa, mwanamke wa kwanza kuwa meya Norwei. Aliongoza 1926 hadi 1928.

Nakaa na picha hii mara nyingi. Mkunga katika kisiwa kama kile ameingia karibu kila nyumba, tena usiku, tena wakati wa hofu. Anajua nyumba ipi ina baridi, mama yupi hana msaada, baba yupi hajarudi kutoka kuvua. Siku wanapompa kiti cha meya, ripoti ya hali ya wakazi tayari iko kichwani mwake. Wakati huo komune nyingi za Norwei hazikuwa na mwanamke hata mmoja katika halmashauri. Siamini kwamba jambo hili lingetokea Torvastad yenyewe, ambako wavuvi wa Utsira walikuwa kura chache pembeni. Lilitokea kwa sababu kisiwa kilikuwa na halmashauri yake, ndogo kiasi kwamba watu walichagua sura wanazozijua.

Muda wa wanawake hao ulikwisha 1928, na Norwei ilichukua miaka mingi kabla ya meya mwanamke kuwa jambo la kawaida. Siusemi mwaka 1925 kama dawa. Nausema kama kipimo cha kile kinachowezekana mahali padogo.

Kwa nini mmoja alifutwa na mwingine akaachwa

Vita vilipoingia 1940 kujitawala kulisimamishwa. Utawala wa wavamizi uliweka meya wa kuteuliwa kutoka juu, na halmashauri za kuchaguliwa zikaondolewa mpaka ukombozi wa 1945. Nchi ilipoanza kujijenga upya ilikuwa na komune zaidi ya 740, nyingi zikiwa na watu mia chache au elfu moja na kitu. Mwaka 1946 ikaundwa kamati iliyoongozwa na Nikolai Schei, mkuu wa mkoa wa Sogn og Fjordane, kuangalia mipaka upya. Kamati iliona komune inapaswa kuwa na walau watu 2,500 hadi 3,000. Kufikia 1967 komune zilikuwa 454.

Hoja yao kubwa haikuwa ramani, ilikuwa shule. Elimu ya lazima ilikuwa inapanda kutoka miaka 7 kwenda 9, na shule ya vijana wa miaka 13 hadi 16 inahitaji mwalimu wa hesabu, wa Kiingereza, wa sayansi, na wanafunzi wa kutosha kujaza madarasa. Kijiji kimoja hakikuweza. Kidole kimoja hakivunji chawa, ndivyo hoja ilivyokwenda, na kwa shule ilikuwa hoja ya kweli.

Sasa tazama kisiwa cha Karmøy mwaka 1964. Kwenye kisiwa chenye urefu wa kilomita 30 hivi na maeneo yake ya jirani kulikuwa na komune saba: Torvastad, Avaldsnes, Stangaland, Åkra, Skudenes, na miji midogo miwili, Kopervik na Skudeneshavn. Meya saba na ofisi saba, kila mmoja akitafuta mwalimu uleule na fedha zilezile. Na jambo lililokwisha kubadilisha kila kitu lilikuwa daraja. Daraja la Karmsund, linalounganisha kisiwa na bara upande huohuo wa kaskazini, lilifunguliwa 1955, miaka kumi kabla ya muungano. Mtu wa Torvastad alikuwa tayari anapanda gari kwenda kazini Haugesund na kurudi jioni. Maisha yalishavuka mpaka wa komune, na karatasi zikafuata nyuma.

Tarehe 1 Januari 1965 zote saba zikawa komune moja ya Karmøy, makao makuu Kopervik. Miaka miwili baadaye kiwanda kikubwa cha alumini kilifunguliwa ufukweni mwa mlango wa bahari, upande wa mashariki wa kisiwa. Kodi na ajira zake zilikuwa za kisiwa kizima. Kama zile saba zingekuwapo bado, moja ingetajirika na sita zingetazama moshi. Torvastad ilikuwa imeonja hilo mara moja, ilipoondoka Haugesund. Safari hii ilikuwa ndani ya nyumba.

Na Utsira? Kwa kipimo cha Schei ilipaswa kuwa ya kwanza kufutwa. Iliachwa, kwa sababu huwezi kujenga daraja la kilomita 18 juu ya bahari ya wazi, na kuihamishia ofisi yake ng'ambo kungekuwa kurudi 1923.

Ukizipanga leo bega kwa bega

Anza na sauti. Sheria ya komune inataka halmashauri ya mahali padogo iwe na walau madiwani 11. Kwa watu 200, hiyo ni diwani mmoja kwa kila watu 18 hivi, pamoja na watoto. Karmøy ina watu zaidi ya 42,000. Hata ikiwa na madiwani 50, kila mmoja anabeba zaidi ya watu 800. Huko Utsira humtafuti diwani. Unakutana naye gatini.

Sheria hiyohiyo ina kifungu ambacho kila mhamiaji angekijua siku ya kwanza. Wakazi wakikusanya saini za asilimia 2 ya watu wa komune, au saini 300, halmashauri inalazimika kuliamua jambo lao ndani ya miezi sita. Nasema wakazi, si wapiga kura, kwa hiyo hata wewe uliyefika mwaka jana unahesabika. Utsira, asilimia 2 ni watu wanne. Karmøy utahitaji 300. Familia moja iliyokaa chini jioni inaweza kuipeleka hoja mezani Utsira. Karmøy itakubidi usimame mlangoni mwa duka kubwa Jumamosi kadhaa. Hii ndiyo tofauti ya kujitawala ukiiona kwa macho.

Kwenye fedha hali inageuka, lakini si kama watu wanavyodhani. Nchini Norwei kila komune, iwe ya watu 200 au laki saba, ina majukumu yaleyale kisheria: shule, chekechea, daktari wa familia, wazee, maji, ulinzi wa mtoto, programu ya kuwaingiza wakimbizi wapya katika lugha na kazi. Komune yenye watu pungufu ya 3,200 kwa kawaida hupata ruzuku ya ziada kutoka serikalini kwa ajili ya udogo wake. Ikijiunga, ruzuku hiyo haiendelei kama zamani. Huwekewa muda wa mpito kisha hupungua. Kwa hiyo anayekuambia “tukiungana tutakuwa na fedha zaidi” muulize fedha zipi na mpaka mwaka gani. Kwa upande mwingine, komune ndogo mtu mmoja akiumwa idara nzima imeumwa. Huduma nyingi za kitaalamu hununuliwa kutoka komune kubwa ya jirani kwa mkataba, na kwenye mkataba huo mdogo ni mteja, hana kura.

Kuna jambo la siri pia, nalo linatugusa wahamiaji kuliko tunavyokiri. Katika komune ya watu 200, ofisa anayeshughulikia ombi lako la msaada ni mama wa rafiki wa mwanao. Sheria inamfunga mdomo, naye huenda akaufunga kweli, lakini wewe utajua kwamba anajua. Wapo wanaofarijika na hilo na wapo wanaobanwa nalo. Ukiwa mtu wa aina ya pili, Karmøy ni pazuri kwako, kwa kuwa ukubwa nao ni pazia.

Idadi ya watu sitaificha. Utsira ilikuwa na zaidi ya 400 ilipojitenga, leo nusu yake. Kuwa na halmashauri hakukuwazuia vijana kupanda boti. Torvastad nayo, ingawa ilifutwa kwenye vitabu, haikufutwa ardhini: kanisa lake la mbao la 1880 lipo, mashamba yapo, nyumba mpya zimejengwa, na mtu wa pale akiulizwa anatoka wapi hujibu Torvastad kabla ya kusema Karmøy. Wanaoogopa kwamba jina litakufa wameogopa kitu kisicho. Majina hudumu bila ofisi. Kinachokwisha ni kiti mezani.

Ukitaka kukiona kiti hicho kwa karibu, tazama Feøy. Ni kisiwa kidogo kingine, magharibi mwa Torvastad, nacho hakina barabara ya kukiunganisha. Hakikujitenga 1924. Kilibaki kwa mama, na mama alipofutwa kikawa cha Karmøy. Wakazi wake ni wachache sana na chombo cha majini ndicho njia yao. Kila jambo lao, iwe gati au ratiba ya boti, linaamuliwa na watu ambao wengi wao hawapandi boti kwenda kazini. Hawawezi kupata saini 300 kwao wenyewe hata wakiandika na majina ya waliokwisha hama. Utsira, kwa udogo wake wote, ilijiamulia kupokea mradi wa kwanza wa aina yake wa kuzalisha umeme kwa upepo na kuuhifadhi kama haidrojeni, ulioanza 2004 na kuhudumia nyumba 10. Visiwa viwili, bahari ileile. Kimoja kina meya na kingine kina barua ya maombi.

Mlango wa kurudi

Watu hufarijiana kwamba tukikosea tutarudi. Inawezekana, lakini gharama yake ni kubwa. Katika mageuzi ya juzi, komune zilishuka kutoka 428 hadi 356 ilipofika 1 Januari 2020. Siku hiyo Haram, Sandøy, Skodje na Ørskog ziliingia Ålesund, kaskazini zaidi kwenye pwani hiyohiyo. Haram hawakutulia. Walidai kutoka, bunge likakubali 2022, na 1 Januari 2024 Haram ikawa komune tena. Wafanyakazi, majengo, madeni, mifumo ya kompyuta, vyote viligawanywa mara ya pili ndani ya miaka minne. Na mlango ulifunguliwa kwa Haram peke yake. Visiwa vya Sandøy, ambavyo baadhi yake 2022 vilipata barabara ya madaraja na njia za chini ya bahari, vimebaki Ålesund. Angalia tena jinsi barabara inavyoamua.

Haram ilikuwa na watu maelfu, viwanda vyake, na sauti iliyofika bungeni. Komune ya watu mia tano ikijutia uamuzi wake haitakuwa na nguvu hizo. Usiache mbachao kwa msala upitao, ndivyo ningewaambia watu wa kisiwani. Wale wa kando ya barabara kuu ningewaambia watazame Torvastad wasiogope.

Siku utakapoulizwa

Kura ya maoni ya wakazi ni ya ushauri. Halmashauri inaweza kwenda kinyume nayo, na komune zisipokubaliana bunge ndilo lenye neno la mwisho. Hata hivyo matokeo yake huangaliwa sana, hivyo nenda kapige.

Ukisikia komune yako ndogo inataka kuungana na kubwa iliyo mwendo wa nusu saa kwa gari, na tayari watu wengi wanafanya kazi huko, na shule ya watoto imebaki na madarasa mawili yaliyochanganywa, mimi ningepiga kura ya ndiyo, kisha ningedai kwa maandishi shule ipi itabaki na kamati gani ya mtaa itaundwa. Sheria inaruhusu kamati za namna hiyo, ingawa mamlaka yake ni ya kukopeshwa na halmashauri kubwa inaweza kuyachukua. Lidai jambo hilo kabla ya muungano, wakati bado mna meya wa kuliweka katika makubaliano.

Kama wewe ni mgeni uliyepokelewa na komune, kumbuka pia ni halmashauri gani iliyoamua kukupokea. Kila mwaka komune hujiamulia itapokea wakimbizi wangapi inapoombwa na dola. Komune ndogo nyingi zimesema ndiyo kwa sababu zinahitaji watoto shuleni na mikono kwenye nyumba za wazee, na uamuzi huo ulipigiwa kura na watu unaoweza kuwasalimia kwa majina. Baada ya muungano uamuzi huo utahamia makao makuu, pamoja na uamuzi wa nyumba za kupangisha ziwe upande gani.

Na kama kati yenu na makao makuu mapya kuna maji, usianze na hotuba za mameya. Fungua ratiba ya feri, si ya Julai bali ya Januari, uhesabu safari za siku na saa ya boti ya mwisho. Kisha uliza kikao cha halmashauri huanza saa ngapi.